Wimbo Mama na Watoto Wake Kumi na Wawili

Jumatatu, 3 Machi
Nimeaminiwa! Bibi Mtunzi kaleta ofisini kwetu, hapa ukumbi wa muziki, utunzi wake mpya wa piano. Karatasi kumi na tatu, mwandiko wa mkono. Alinieleza polepole, kama anayemvisha mtoto viatu, kwamba ya kwanza ni wimbo mama na zilizobaki ni watoto wake: sura ya mama, tabia mbalimbali. Mmoja mbio, mmoja amenuna, mmoja anateremka ngazi kwa mguu mmoja. Nitoe nakala. Ijumaa ni onyesho, na siku hiyohiyo muda wangu wa majaribio kazini unaisha. Nikivurunda, narudi kwa mama. Wangu, si wa wimbo.

Jumanne, 4 Machi
Karani mkuu, tunayemwita Bwana Pini kwa kuwa hubana kila kitu, kaniagiza niandike namba pembeni mwa kila karatasi kwa penseli kabla sijagusa mashine. Mimi, mwenye stashahada! Nikaitikia ndiyo mzee, nisiandike. Chumba joto, nikafungua dirisha. Upepo ukaingia bila hodi. Karatasi zote sakafuni, moja ndani ya ndoo ya kudekia! Noti sijui kusoma. Kupanga mafaili najua: jembamba mbele, nene nyuma. Nikazipanga kwa wingi wa wino. Iliyoloa nikaianika juu ya mashine. Ilikauka mwisho, ikakaa mwisho. Safi.

Jumatano, 5 Machi
Mazoezi. Mimi nyuma ya pazia. Mpiga piano, ambaye hakuwahi kuuona utunzi huu, alipiga karatasi moja baada ya nyingine kwa utiifu. Bibi Mtunzi alikunja uso hadi ya kumi na mbili. Ikaja iliyolowa. Wimbo wa polepole, usio na pambo, na ghafla nikawatambua watoto wote: wana pua yake! Bibi Mtunzi akafuta macho. Akauliza nani kapanga. Kidole cha Bwana Pini kilinifikia kabla swali halijaisha.

“Hao watoto mrudishe kila mmoja mahali pake, ni fujo tupu,” Bibi Mtunzi akasema. “Ila mama mwacheni mwisho. Mama ndiye hutoka wa mwisho nyumbani, akafunga mlango.”

Mwisho! Wazo langu!

Ijumaa, 7 Machi
Ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi. Bibi Mtunzi akainama. Nami nikainama, nyuma ya pazia. Bwana Pini alishinda jana akiandika namba na kunung’unika, wivu, maskini. Barua nimepata: sikuthibitishwa, sikufukuzwa. Nimeongezewa miezi mitatu “chini ya uangalizi wa karibu”. Naam, dhahabu haiachwi bila mlinzi! Mama kaniuliza kwa simu kama huko ni kupanda au kushuka. Nimemjibu kwamba wasio na kipaji hawaangaliwi.

Jumatatu inakuja kazi ya kurasa hamsini. Bwana Pini ameniachia penseli mezani, kaichonga mwenyewe. Inatosha kabisa kuzuia dirisha lisijifunge.