Hotuba ya Kugawa Samaki Ambao Hakuna Aliyewahesabu

Hadi mchana ule sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mama, kwamba hotuba aliyoisoma baba mdogo pale gatini niliiandika mimi. Yeye ni afisa wa uvuvi, nami bado niko shuleni. Alinichagua kwa sababu nasoma sana vitabu na sisemi ovyo. Kila palipohitaji takwimu aliniambia, "Mwanangu, weka namba yenye heshima. Isiwe nzima sana." Baba yangu, ambaye ni kaka yake, ana mashua ya uvuvi, na siku hiyo alisimama mstari wa mbele. Hii hapa hotuba yenyewe, pamoja na vituko vya wasikilizaji.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hakuweza kufika. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye yuko njiani. Wenyeviti wa kamati zote, pamoja na kamati ya kuunda kamati. Manahodha wa boti za kukodi mnaopeleka wageni kuvua kwa starehe. Wavuvi wa biashara mnaovua kwa, eeh, kula. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya watu watatu, wote wa ofisini kwake.)

Ndugu wananchi, kama mnavyofahamu, na kama hamfahamu basi nawafahamisha, kwa muda mrefu tumekuwa na changamoto mtambuka ya nani avue samaki wangapi, changamoto ambayo ofisi yangu, chini ya uongozi wangu, na kwa maono ambayo kwa unyenyekevu siwezi kusema ni ya nani isipokuwa ni yangu, imeikabili kwa fremuweki jumuishi, shirikishi na endelevu iitwayo Mradi wa Kituo cha Dijitali cha Kuhesabu Samaki, ambacho jengo lake liko nyuma ya bango hili. (Watu wanachungulia nyuma ya bango. Kuna nyavu zimeanikwa.)

Data za kituo hicho zinaonyesha kwamba katika kila samaki mia wanaotoka kwenye maji haya, sitini na tatu nukta nne huvuliwa kwa starehe, na thelathini na sita nukta sita kwa biashara. (Mama muuza samaki: "Hiyo nukta nne ni kichwa au mkia?" Kicheko.) Swali zuri, mama, litajibiwa kwa maandishi. Hivyo basi, kuanzia Jumatatu ijayo mafungu yatafuata uwiano huo, na mashua za biashara zikimaliza fungu lao zitafungwa gatini hadi mwakani. Wataalamu wanakadiria kuwa fungu hilo litadumu wiki tano. (Baba anavua kofia, anaivaa tena.)

Tusichanganye mambo. Samaki aliyevuliwa na mgeni, akapigwa naye picha, akarudishwa majini, wakati wa kugawa mafungu huyo alivuliwa, ila wakati wa kupunguza fungu la wageni huyo alitembelewa tu. Akinaswa baadaye na wavu wa biashara, atahesabiwa mara mbili kwa mvuvi, maana alikwisha kusajiliwa. (Nahodha wa boti ya kukodi: "Mheshimiwa, wageni wangu wiki nzima wamepata samaki wawili. Kazi kubwa ilikuwa kutapika.") Huo, nahodha, ndio ushahidi wa uendelevu.

(Baba: "Mdogo wangu, hizo namba amezihesabu nani?") Kaka, hapa mimi si mdogo wako, mimi ni ofisi. Zimehesabiwa na mfumo. (Mimi natazama viatu vyangu.)

Nikisema "Samaki kwanza", mtajibu "Takwimu mbele". Samaki kwanza! (Mama muuza samaki, peke yake: "Jengo liko wapi?")

Mwisho, kwa namna ya pekee, namshukuru fundi aliyechora bango hili, kwa kuwa hadi leo, kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu, yeye ndiye mtu pekee aliyefanya kazi katika mradi huu, na nawaomba mlitazame vizuri kabla ya saa nane, maana tunalirudisha stoo. Upande wake wa pili kuna mradi wa mwaka jana. Asanteni kwa kunisikiliza.

Watu walipotawanyika nilimfuata baba kwenye mashua, nikamwambia kwamba mfumo ni mimi, na kwamba namba zile nilizitunga kwenye meza tunayolia chakula. Hakunigombeza. Aliniuliza kama nina daftari tupu. Wiki nzima, nikitoka shule, nilikaa gatini na sare yangu nikihesabu samaki wa boti zote, za wageni na za biashara. Nahodha na mama muuza samaki walitia sahihi chini ya kila ukurasa. Ijumaa baba alilipitia daftari lote, kisha akachukua kalamu, akaongeza sanduku moja la samaki wa mashua yake ambalo sikuliona likishushwa. Asubuhi ya Jumatatu nilipita ofisini kwa baba mdogo kabla ya kengele ya shule, nikaliweka daftari mezani kwake, juu ya nakala ya hotuba, nikangoja alifungue.