Pingamizi Dhidi ya Mistari Myeupe Mlangoni Pangu

Mheshimiwa Mhandisi wa Barabara,

YAH: KUPINGA KUVUSHWA NA RANGI

Shikamoo. Kama umri wako ni mdogo kuliko wangu, utanirudishia siku tukionana.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko pale ambapo njia ya miguu, ile tuliyoifyeka wenyewe kwa majembe yetu, inaikata barabara yako kuu. Upande wangu kuna nyumba za watu. Upande wa pili kuna zahanati, shule na bomba la maji. Jumanne vijana wako walikuja na futi ya kupimia, wakachora alama ya chaki mlangoni pangu, wakatangaza kwamba mwezi ujao patachorwa kivuko cha pundamilia, na kibao juu. Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga, na sababu zangu ni hizi:

1. Kivuko tayari tunacho, nacho ni mimi. Mwaka wa kumi na moja huu ninawavusha watu kwa kitambaa chekundu kilichobaki nilipokuwa nashona sare za kwaya. Utaratibu wetu ni mmoja: hakuna kuvuka mpaka tutimie saba, kwa sababu dereva humdharau mtu mmoja lakini huogopa kesi ya watu saba. Wakitimia sita naacha cherehani, natoka, mimi ndiye wa saba. Wananiita Bwana Simama. Wazee wa kunizaa wananiamkia. Sasa niambie, Mheshimiwa, hiyo mistari yako itaitikia salamu ya nani?

2. Kungoja watu watimie kuna faida zake. Mwashi na shemeji yake walikuwa hawasemeshani mwaka wa nne, kisa ngazi iliyoazimwa ikarudi imevunjika. Siku moja wakajikuta pale wawili tu, na wa tatu akachelewa sana. Mpaka sita wanatimia, wale wawili walikuwa wameshikana mabega wanamsengenya aliyetengeneza ngazi. Muuza mkaa na muuguzi nao uchumba wao ulianzia hapo hapo. Gauni nilishona mimi, mtoto wa kwanza nikamvusha mimi. Ukichora mistari kila mtu atavuka kivyake. Watu wataoana lini?

3. Nimeuona mfano wa kibao chenu. Yule mtu aliyechorwa hana uso, hana mzigo, hana mtoto mgongoni, na suruali yake haina pindo. Kwetu hapiti mtu wa namna hiyo. Isitoshe, anaelekea upande mmoja tu. Nyumbani kwake atarudi vipi?

4. Hatari kubwa iko kwa madereva. Dereva akishazoeshwa kusimama, atasimama. Akisimama atatuona. Akituona atatusalimu, keshokutwa atatuomba radhi kwa matope ya miaka yote, na watu wakishaombwa radhi, Mheshimiwa, hawashikiki tena. Watadai taa, halafu watadai daraja, mwishowe wataamini kwamba barabara ni yao pia. Yote hayo kwa madebe mawili ya rangi!

5. Hili la mwisho nalisema bila utani. Mama yangu macho yake yamefifia. Kila Alhamisi anavuka kwenda zahanati ameshika kiwiko changu. Nyumbani hunigombeza tangu asubuhi: mbona umekonda, mbona huoi, mbona umenyoa hivyo. Katikati ya barabara hanigombezi. Ananishika tu, ananiambia, "Twende, baba." Mistari ikija atavuka peke yake, nami nitabaki na ugomvi mtupu. Inaniuma.

Kwa hiyo naomba rangi irudishwe stoo. Kama ni lazima ofisi yako itoe kitu ndipo ilale usingizi, itoe filimbi. Kofia nitajishonea mwenyewe.

Nisalimie makarani wote, mama wa chai, na yule mlinzi wa getini aliyeniambia nirudi kesho mara tano. Vijana wa futi nao wasalimie. Sina kinyongo na mtu, ila na chaki.

Ni mimi mtiifu wako, wa upande huu wa barabara,
Fundi Cherehani (Bwana Simama)

Tanbihi: Barua hii niliifunga jana. Leo asubuhi, kabla sijaituma, gari la ofisi yako lilirudi kupima tena, nikaona niwaonyeshe vijana jinsi tunavyovuka bila rangi. Tulitimia saba, nikainua kitambaa, magari yote yakasimama. Isipokuwa la kwenu, lililokuwa linarudi nyuma. Limenipanda mguu. Wenzangu wamenibeba wakanivusha, na haya nayaandika nikiwa kitandani zahanati, plasta mpaka gotini.

Kutoka dirishani nakiona kibanda changu. Mama amesimama pale na hotipoti ya chakula changu tangu saa nne, na sasa ni saa nane. Wako sita, nimewahesabu mara tatu. Wanajua fika kwamba niko huku, lakini mazoea yana taabu: wote wameukodolea macho mlango wangu, wanamngoja wa saba.

Leta rangi, Mheshimiwa. Ilete leo. Kama nyeupe hakuna, leta yoyote.