Mayai Matatu ya Kokoto

Jumatatu, 3 Machi
Daftari, nisamehe. Nilipokuandikia mara ya mwisho mtoto hakuwa na jino hata moja. Sasa anayo manne, na ameng'ata jalada lako. Sikukusahau, nilikuwa nimechoka tu.
Leo nina sababu. Manispaa imebandika tangazo kwenye geti la bustani iliyo nyuma ya nyumba zetu. Miti sita itakatwa, vijengwe vyumba kumi na viwili vya watu wasio na makazi. Mti wa pembeni umo. Mwanangu hulala mchana chini ya mti huo tu. Chumbani kwetu, na joto la bati lile, hulia mpaka sauti inamkauka.
Fundi cherehani wa chumba cha mbele anafurahi. Eti ni utu. Utu gani, anatafuta tenda ya mapazia.

Jumanne, 4 Machi
Bwana Miti, afisa wa manispaa, amekuja kupima. Nikamuuliza kwa upole kama kuna mti unaosamehewa. Akasema wenye kiota chenye mayai, mpaka makinda waruke. Alisema hivyo huku akimchekea mtoto. Maskini, hakujua anamwambia nani.

Jumatano, 5 Machi
Kiota tayari. Majani makavu, nywele za mtoto, nyuzi zilizofagiliwa mlangoni kwa fundi. Mayai ni kokoto tatu nyeupe za chungu chake cha maua. Hatazikumbuka.
Kazi ilikuwa kuupanda ule mti wa pembeni. Mama Mabegi, anayelala chini ya mti huo na mabegi yake matano, alinishikia mtoto. Nikamwambia nafuata soksi iliyopeperushwa. Hakuuliza soksi imefikaje juu kule. Alimpakata kwa mikono yote miwili, akamwimbia. Nilishuka gauni limechanika, mtoto kalala.
Jina la Mama Mabegi ni la kwanza kwenye orodha ya vyumba vitakavyojengwa. Aliniambia mwenyewe, kwa sauti ya chini, kama anaogopa kukiamsha chumba chenyewe. Nilifurahi naye. Sikuyaunganisha mambo hayo mawili. Au niliyaunganisha, nikayaachanisha.

Ijumaa, 7 Machi
Ushindi. Bwana Miti kapanda ngazi, kapiga picha, kasema kiota cha namna hii hajapata kukiona. Kazi yote imesimama, maana mashine zitawatisha ndege.
Kisha wakazungusha utepe mwekundu, hatua thelathini kila upande. Mwanangu nje ya utepe. Mama Mabegi nje ya utepe. Askari wa bustani alimbebea mabegi mawili, matatu akabeba mama mwenyewe, mpaka kwenye kibaraza cha duka lililofungwa. Saa kumi mvua ikanyesha. Kibaraza kile ni chembamba.

Jumapili, 9 Machi
Picha ya kiota imebandikwa getini. Fundi ameniita tuitazame pamoja.
"Shemeji," akasema, "huyu ndege ananunua nyuzi duka moja na mimi."
Kokoto zake pia amezitambua. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Akasema ujenzi usipoanza mwezi huu, vyumba vitapelekwa mtaa mwingine. Niende ofisi ya manispaa nikaseme ukweli, ni dakika tano.
"Wewe ulitaka kivuli. Mwenzio alitaka mlango wa kufunga."
Nikamwambia nitakwenda kesho.

Jumatatu, 10 Machi
Nilifika mpaka mlangoni pa ofisi. Mtoto akalia, nikarudi. Alilia kidogo tu.
Jioni nilimpelekea Mama Mabegi chai. Akaniuliza makinda wataruka lini. Hana hasira. Anasema ndege naye ni mzazi, yeye atasubiri. Nilitaka kumwambia. Mdomo ukafunguka, ukauliza kama sukari imetosha.

Jumanne, 11 Machi
Sikulala vizuri, lakini nimepata njia. Bwana Miti anarudi Ijumaa kukagua. Akikuta makinda wameruka, utepe unaondoka na ujenzi unaanza. Wiki moja ni haraka kwa makinda, lakini aliyeamini kokoto ataamini na hili. Hakuna haja ya kumsumbua mtu ofisini. Mti utakatwa, basi. Tutazoea joto.
Nitapanda Alhamisi saa saba, askari akienda kula. Mtoto atashikwa na Mama Mabegi, nimeshamwomba. Nimemwambia ni soksi ya pili.
Dada yangu anayefuga kuku alipiga simu, nikamweleza, akacheka mpaka salio likamwishia. Ametuma manyoya, lakini ni ya jogoo, mekundu, marefu kama kalamu. Nimemwandikia upya vitu ninavyohitaji kabla ya Alhamisi: maganda ya mayai madogo, yaliyopasuka nusu, matatu, yasiwe manne maana picha ipo. Manyoya laini ya kifaranga, ya kijivu, kiganja kimoja. Kinyesi cha ndege kilichokauka, ndani ya kikopo chenye kifuniko. Suruali yake ya zamani ya kupandia, gauni jingine sina. Na blanketi moja zito, la mtu mzima. Hilo si la kiota.