Kibonge Kwenye Kikapu cha Mke Wangu

Jumatatu, 6 Mei
Nimechapwa tena. Tena mbele ya watu! Kinyozi jirani amemlaza Kibonge wangu chini kama gunia, kwenye ile televisheni ya saluni yake, na wateja wenye povu kidevuni wakamshangilia. Kibonge ni kiumbe wangu wa mchezo: mnene, wa kijani, macho ya usingizi. Nilimnasa mwenyewe vichakani, humo humo mchezoni, nikamlea tangu hajui kutema moshi.

Sasa Kinyozi katangaza pambano la Jumapili. Mshindi atakalia kile kiti cha ziada cha kuzunguka, chini ya feni, mwezi mzima. Atakayeshindwa, benchi. Nimekalia benchi lile miaka. Mgongo wangu una maoni yake.

Nimempigia mjukuu wangu. Kasema babu unateseka bure, kuna mchezo mdogo wa simu, ndugu wa ule mkubwa. Unamhamishia Kibonge kwenye simu, unatembea naye, kila hatua inamwongezea nguvu, halafu unamrudisha kwenye mchezo mkubwa ameiva. Nikauliza, kutembea ni lazima? Akacheka mpaka akakata simu.

Jumanne, 7 Mei
Magoti yangu na kutembea hawasalimiani. Lakini mimi ni fundi nguo, na cherehani yangu ni ya kukanyaga! Nimeifunga simu kwenye kikanyagio kwa lastiki ya kaptula. Nikakanyaga. Simu ikaamini! Kibonge anapanda milima, mimi nimekaa. Akili hii ingempata mtu aliyemaliza shule, angepewa ofisi.

Kasoro moja. Fundi wa kweli hakanyagi hewa, lazima kuwe na kitambaa. Mapazia ya mteja yaliisha mapema. Nikashona kilichokuwa karibu.

Jumatano, 8 Mei
Kumbe kilichokuwa karibu ni nguo za nyumbani. Mke wangu kapeleka mkono kwenye mfuko wa aproni, mkono ukagoma kuingia. Taulo limefunga ndoa na foronya. Suruali yangu nzuri ina mguu mmoja usio na mlango wa kutokea. Akaniuliza nimechanganyikiwa au ndiyo uzee. Nikasema ni mtindo mpya. Akasema hata yeye anao mtindo mpya, akachomoa mkanda wa cherehani akaenda kuuficha anakojua mwenyewe.

Nikanuna. Kisha nikamwona anabeba kikapu. Mke wangu hatembei, huyo huzurura! Sokoni, kwa dada yake, kwa fundi viatu, sokoni tena kwa sababu kasahau vitunguu. Simu nikaizamisha chini kabisa ya kikapu. Nikamwambia mama watoto, usiharakishe kurudi. Alinitazama sana.

Alhamisi, 9 Mei
Kibonge kaota misuli! Nimemhimiza mke wangu akamjulie hali dada yake tena, yule ambaye mimi nikimwona huvuka barabara. Kinyozi kaniuliza mbona natabasamu peke yangu. Nikajitia hamnazo.

Ijumaa, 10 Mei
Balaa! Simu imelia sokoni. Mke wangu kachimbua nyanya, kamkuta Kibonge anampungia mkono. Badala ya kukasirika, kampenda. Kamkuna tumbo kwa kidole, hapo hapo kwenye kioo. Mpaka hapo sawa.

Lakini nani alikuwa jirani yake, ananunua sabuni ya kunyolea? Kinyozi, meno yote nje. Akamwambia shemeji, mtu mzuri kama wewe unatembea na dude nene namna hiyo? Tubadilishane, chukua huyu wangu Waridi, ona masikio yalivyo marefu. Kwenye mchezo mdogo mnagusanisha simu, viumbe wanahama. Mke wangu akagusanisha!

Nimepiga ukunga. Nimemlea yule! Mke wangu kasema ungeniambia tangu mwanzo, si ningekataa? Mjukuu naye kathibitisha: aliyebadilishwa harudi.

Jumamosi, 11 Mei
Sina hamu ya kula. Nimejilazimisha sahani mbili. Mke wangu katembea na Waridi kutwa, safari hii kwa kupenda kwake. Nimemwambia asijichoshe, kiumbe chenyewe kinarusha mapovu tu. Akaniambia ninyamaze, namkatisha tamaa mtoto.

Jumapili, 12 Mei
Saluni ilifurika. Kinyozi kamrudisha Kibonge kwenye mchezo mkubwa, katokea ameijaza televisheni nzima. Lilinidondoka chozi, nikasingizia sabuni. Mke wangu akaninyang'anya kidude cha kubonyezea, eti Waridi hanijui.

Kinyozi akamwamuru Kibonge ateme moshi. Kibonge akakaa chini. Akamwamuru aruke. Kibonge akapiga mwayo, akalala! Kumbe mchezo mkubwa una sheria yake: kiumbe aliyetoka kwa mtu mwingine, akiwa na nguvu kupita medali alizoshinda mchezoni bwana wake mpya, hamtii. Kinyozi ana medali chache, hana subira ya kuzitafuta. Na nguvu zile tulizijaza sisi! Waridi yeye bado mdogo, anatii tu. Kinyozi akabonyeza mpaka jasho likamtoka. Mteja mmoja akamwambia mwimbie labda ataamka. Waridi akarusha povu, akarusha povu, bila haraka, mpaka Kibonge akapoteza pambano akiwa anakoroma.

Nikakimbilia kiti. Mke wangu keshakaa. Anazunguka! Nikasema mbinu zote ni zangu. Akasema ndiyo maana ushindi ni wangu.

Tukabaki benchini, mimi na Kinyozi, bega kwa bega, tunamtazama anavyozunguka. Anapendeza, nisiwe mnafiki. Kinyozi akaniuliza polepole, Kibonge anabembelezwaje? Nikamwambia anapenda kukunwa chini ya kidevu. Akaandika kiganjani. Jioni ilikuwa nzuri.

Jumatatu, 13 Mei
Habari njema! Mjukuu kasema kuna mchezo mdogo mwingine, na huo hautaki hatua. Unataka usingizi. Simu inalala kitandani, mtu analala, kiumbe kinanenepa.

Mimi usingizi wangu ni wa kukatikakatika. Lakini yule fundi rangi wa nyumba ya pili ana kitoto kinacholala asubuhi mpaka jioni. Nimejitolea kukilea. Mama yake kanishukuru, kasema wazee wenye moyo kama wangu wameadimika, kaenda zake. Simu nimeiweka kando ya mto.

Kimeamka. Kinanitazama. Simu imo mdomoni.

Mpango hauna kasoro. Kasoro ni mtoto.