Njia Iliyopimwa kwa Mayai

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata! Programu ya simu ya kumwonyesha mtu wa kiti cha magurudumu njia isiyo na ngazi wala mashimo. Simu inahisi mtikisiko. Ikitikisika, ramani inaweka wekundu. Ikitulia, kijani. Kazi ya akili, na akili ninayo.

Wa kwanza kunufaika ni Shangazi, aliyenilea na anayenilisha mpaka leo. Jumamosi saa kumi kamili washonaji wanachagua mwenyekiti wa chama chao, ukumbi mpya, hajawahi kufika. Mwaka jana alikwama chini ya ngazi za ukumbi wa zamani. Alipopandishwa, kura zilishapigwa, na uenyekiti ukaenda kwa mama mmoja asiyejua hata kukunja pindo. Bado linamuuma. Nimemwambia safari hii atulie, mimi nipo. Kasema hilo ndilo linalomtia hofu.

Jumanne, 4 Machi

Shangazi ana magauni sita ya kumaliza. Kaniomba nichukue kile kiti chake cha akiba, nikisukume kitupu mpaka ukumbini, nione kinapita wapi. Mimi! Kusukuma kiti kitupu barabarani, watu waniulize mgonjwa kaangukia wapi! Nimemweleza kwa upole kwamba teknolojia haitembei kwa miguu.

Kinyozi wa jirani, ambaye hakuulizwa, kadakia kwamba atakwenda yeye. Kaenda kweli. Karudi jioni vumbi tupu, kachora njia kwa penseli nyuma ya karatasi ya kalenda. Penseli! Nimecheka mpaka chai ikanipalia. Kaniita Injinia wa Kitandani. Wivu huo.

Jumatano, 5 Machi

Akili ni nywele, na zangu hazinyolewi na mtu. Nani hutembea bila kutikisika? Muuza mayai! Kila siku anapita huko kwenye ukumbi, trei tatu kichwani, miaka ishirini hajavunja hata moja. Njia isiyovunja yai itamvunjaje Shangazi? Nimechomeka simu katikati ya mayai, nikarudi kulala.

Alhamisi, 6 Machi

Kijani mwanzo mwisho! Tena njia fupi, nusu ya ile ya kinyozi, ambayo inazunguka kwa dobi mpaka lango la nyuma la ukumbi. Nimemwonyesha Shangazi. Kasema yeye anaamini penseli.

Nimelazimika kuihifadhi ile karatasi. Mfuko wangu wa nyuma. Si wizi, ni kulinda ubunifu.

Ijumaa, 7 Machi

Shangazi kaitafuta karatasi nyumba nzima, chini ya cherehani, ndani ya kapu la vitambaa. Nimemsaidia kutafuta kwa moyo wote. Kinyozi naye kasafiri kumnyoa bwana harusi, simu haipatikani. Mungu hamtupi mja wake!

Shangazi kakubali kutumia simu yangu. Kakubali kama mtu anayemeza dawa chungu.

Jumamosi, 8 Machi

Tumetoka saa tisa. Kijani, kijani, kijani. Hakuna hata shimo moja. Shangazi kaanza kuimba kidogo kidogo. Kakiri labda alinionea. Kichwa kikanivimba.

Saa kumi kasorobo tukakata kona. Ngazi! Thelathini na mbili mpaka mlango wa ukumbi, nimezihesabu. Simu ikasema tuendelee mbele, njia ni laini. Na huku juu akatokea muuza mayai, anashuka na trei zake kana kwamba anateleza, shingo haichezi, yai halichezi. Katusalimu vizuri tu. Lahaula!

Shangazi hakunigombeza. Afadhali angenigomba. Kaziangalia zile ngazi, kasema taratibu kwamba huu sasa ni mwaka wa pili, na machozi yakamtoka. Moyo uliniuma, sitaki kusema uongo. Nikavuta leso mfukoni nimpe. Ikatoka na karatasi ya kalenda.

Kaitazama. Kanitazama. Kasema mazungumzo yetu ni ya baadaye, sasa nisukume.

Nilisukuma! Kushoto, kulia, lango la dobi, katikati ya mashuka mabichi, moja likanivaa kichwani, nikaenda kipofu mpaka ndani ya ukumbi. Saa kumi kasoro dakika moja.

Kashinda! Kura arobaini na moja kwa thelathini. Katika hotuba kamshukuru kinyozi, kaishukuru penseli, kamshukuru na dobi. Mimi niliyesukuma nikiwa na shuka kichwani, sikutajwa.

Jumapili, 9 Machi

Agizo la kwanza la mwenyekiti mpya: ngazi zile zijengewe mteremko wa zege pembeni. Mchanganyaji wa zege ni mimi. Kinyozi kacheka mpaka akashika ukuta.

Shangazi kaniambia kama programu naipenda, niifunge simu kwenye kiti chake, nikisukume mwenyewe mtaa kwa mtaa. Nimemwonea huruma. Mambo ya kisasa hayawezi.

Kosa nimeshaligundua. Yule muuza mayai ni mzoefu mno. Nimeshaelewana na fundi vioo. Mtu aliyebeba kioo cha dirisha hathubutu kupita pabaya. Kesho simu ataiweka mfukoni mwake asubuhi na mapema, nami nitakuwa nimelala, nasubiri kijani.