Amri ya Kukata Maua

Tangazo kubwa: kuanzia Jumatatu, kila ua lililochanua karibu na mahindi ya Lubumbashi litakatwa. Bwana Donat, Mkurugenzi wa Ofisi ya Chakula cha Wadudu, alilisoma mwenyewe kwenye mikrofoni, na sababu yake ilikuwa safi kabisa: mdudu akikosa chakula, anakufa.

Mama Julienne alilisikia akipalilia shamba lake nyuma ya mtaa wa Kasapa. Mahindi yale ndiyo bukari, ugali wa watoto wake watano, mpaka mavuno mengine. Katikati alipanda maboga, na kila asubuhi nyigu wadogo, wembamba kama uzi, walikunywa utamu wa maua yake, kisha wakaenda kutaga mayai ndani ya viwavi. Kiwavi akishawekewa yale mayai, amekwisha.

Ajenti Guelor wa ile ofisi alifika na kalamu.

"Mama, kata hii maua."

"Papa Guelor, nyigu ikikunywa mule, inaishi juma mbili. Ikikosa, siku mbili tu. Ni nani atatuulia bidudu?"

"Hiyo nyigu iko na kadi ya service?"

"Iko na mwiba."

"Basi inafanya kazi bila ruhusa." Akaandika. "Na kiwavi?"

"Ile haina shida na maua. Inakula mahindi."

"Voilà! Amri haimuhusu."

Mama Julienne akakataa kukata. Kumkatia kwa nguvu kulihitaji saini ya Mkurugenzi, na karatasi ikalala mezani mwezi mzima. Majirani walitii. Nyigu wao wakafa, ofisi ikaandika: mafanikio, wadudu wamepungua. Viwavi, raia wasio na kosa, wakanenepa na kumaliza mahindi mpaka mabua.

Ndipo Madame Abigaïl, mkaguzi, akashuka toka Kinshasa kuona mafanikio. Bwana Donat alitafuta shamba la kijani mji mzima. Lilibaki moja, la Mama Julienne, akampeleka madame pale.

"Ni la nani?" madame akauliza.

"Langu, madame!" akasema Bwana Donat. "Nimelilima kwa mikono hii."

Mama Julienne, jembe mkononi, aliendelea kupalilia kando yao.

"Na haya maua, nani alipanda?"

Mkurugenzi akajipiga kifua. "Mimi."

Madame akaisoma amri ya kukata maua taratibu, mpaka saini ya Bwana Donat chini yake, akamfukuza kazi palepale, kwa kudharau saini yake mwenyewe.

Gari lilipoondoka, Mama Julienne aliuliza kwa sauti ndogo: "Papa Guelor, sasa maua yangu nani atakata?"

"Ile inaomba saini ya Directeur, mama." Guelor akaangalia huku na huku. "Na hatuna tena."