Kichwa cha Kambare Mbele ya Mama Mkwe

Wenzangu, leo Garsen imenivua nguo. Nguo zenyewe ninazo mwilini, zinanuka samaki. Kilichovuliwa ni heshima.

Twende polepole. Mnajua siku hizi mimi ni mtu wa Nairobi, nauza kava za simu tao, katikati ya jiji. Na mnajua ninavyoupenda ule mtaa wangu. Vioo vya maduka vinang'aa, taa za kila rangi, sanamu za dukani zimevaa suti kunishinda mimi. Lakini ninachokipenda hasa ni kwamba hakuna anayekujua. Unanunua yai boilo na kachumbari, unakula huku unatembea, pilipili inakutoka puani, na hakuna wa kukuuliza wewe ni mtoto wa nani.

Jana nilirudi nyumbani, hapa Garsen. Kesho wazee wetu wanaenda kijijini Ngao kumposa Rehema, nami nifuatane nao. Baba yake ameshakubali. Mama yake ndiye bado. Hataki mali, hataki cheo. Ana neno moja tu: "Vijana wa Nairobi hawana haya." (Hajawahi kuniona ila kwenye picha. Na kwenye picha nilivaa tai!) Leo asubuhi Rehema akanipigia kunionya.

"Tulia nyumbani mpaka kesho. Nakujua wewe."

"Mimi tena? Nitatulia tuli."

Nikatulia mpaka magharibi. Halafu soko la jioni likawasha taa.

Sasa soko letu la jioni si la kutazama vioo. Vioo vyenyewe hakuna. Kuna meza, taa za sola zimefungwa kwenye nguzo, akina mama wa Kiorma na mitungi yao ya maziwa, maembe ya Ngao, viazi karai, na moshi wa samaki unaokufuata mpaka kitandani. Nia yangu ilikuwa kupita tu. (Kila mlafi huwa anapita tu.)

Mama Buya, anayekaanga samaki pale tangu mimi sijaota meno, akaniona.

"Weee! Mtu wa Nairobi! Huko kwenu kuna soko kama hili?"

"Mama, huko ni maduka. Hapa naona moshi tu."

"Basi ipeleke pua yako Nairobi," akasema, huku ananitilia kichwa cha kambare kwenye gazeti. Kichwa kizima! Na ndimu juu yake.

Kichwa cha kambare hakiliwi kwa madaha. Unakivunja, unakifyonza, mafuta yanateremka mpaka kwenye kiwiko. Mwenye akili huketi kwenye benchi nyuma ya meza, akawapa watu mgongo. Mimi nikala nimesimama, katikati ya njia, kama niko tao.

Kwa wasiotoka huku: kwetu mwanamume hali mbele ya mama mkwe. Hata chai hanywi. Mkikutana njiani unampisha, unainamisha macho. Lakini sikuwa na wasiwasi, maana mama yake Rehema alikuwa Ngao.

Mama yake Rehema hakuwa Ngao.

Alikuwa hapo mbele, Rehema kando yake na kikapu, wamekuja kununua vitu vya wageni wa kesho. Wageni ndio sisi! Rehema akaniona kwanza. Macho yakamtoka pima. Akanifanyia ishara kwa kidole: potea!

Nipotelee wapi? Nairobi ningeingia dukani tu. Hapa kando yangu kulikuwa na muuza leso, ametundika leso zake kwenye kamba. Nikajipenyeza nyuma ya leso, kichwa cha kambare kinywani, nikasimama wima bila kupumua.

Nikasikia sauti ya mama mkwe.

"Nataka ya kuvaa kesho mbele ya wakwe. Hiyo ya rangi ya machungwa, hebu ishushe niione."

Nadhani mnajua ni leso ipi.

Muuza leso akaivuta. Mimi huyo, chini ya taa, mashavu yamejaa, sharubu za kambare zimenitokeza midomoni. Nikataka kusema shikamoo. Hapo ndipo mwiba ulipoingia kooni.

Jamani, nilikohoa! Soko zima likasimama. Mama Buya akapiga ukelele, "Atakufa huyu!" Na mama mkwe? Akanitambua kwa ile picha, akajifunika uso kwa ile leso, maana naye ana heshima zake, akageuka upande, akaanza kutoa amri bila kunisemesha.

"Mama Buya, ugali upo? Mpe huyo mgeni tonge. Mwambie asitafune, ameze."

"Unasikia? Usitafune, meza!"

"Rehema, mwambie anyooshe shingo."

"Mama anasema nyoosha shingo," Rehema akasema, sauti inamtetemeka. (Sijui ni kilio au kicheko. Namshuku.)

"Mpe lingine. Kubwa zaidi."

Nikala, ndugu zangu. Mimi nisiyeruhusiwa hata maji mbele ya yule mama, nikala matonge ya ugali mbele yake, kwa amri yake, machozi yananitoka, na Garsen imenizunguka inashangilia kila tonge. Mwiba ukashuka. Watu wakapiga makofi. Nilipofuta macho, mama na binti walishakwenda zao.

Nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma, nikajilaza kifudifudi. Nimempoteza Rehema kwa kichwa cha samaki! Iliniuma kwelikweli. Nililia kidogo, sifichi.

Simu ikaita. Rehema.

"Mama anasema wazee waje kesho."

"Anasema nini?!"

"Anasema kijana asiye na haya angeendelea kutafuna pale pale njiani. Wewe ulijificha mpaka nusura ufe. Basi adabu unayo."

Nikabaki kumshukuru Mungu, na Mama Buya.

"Ila kuna jambo moja ameniagiza nikwambie," Rehema akasema.

"Sema! Lolote!"

"Kesho uje umeshakula kwenu."

Nawaomba msicheke. Atakayecheka, pilau ya harusi ataisikia harufu tu.